Darasa la Watoto Arobaini na Watatu

Jumatatu, 3 Juni

Nimeficha jambo kwa miaka thelathini na minane. Naliandika hapa kwanza, nione kama mkono utakubali.

Lile somo la mfano, lililo katika kijitabu cha jalada la kijani, linalosomwa na kila mwalimu anayeajiriwa wilaya hii – nililiandika mimi. Na si la kweli. Shule ile sikufika. Nililiandika nikiwa nyumba ya wageni, kwenye njia panda, miguu imo ndani ya beseni la maji moto.

Haya. Limetoka. Mwandiko umepinda kama wa mtoto wa darasa la kwanza, lakini limetoka.

Nilikuwa mkaguzi wa shule. Baadaye wakatubadilisha jina, tukawa maofisa wa ufuatiliaji. Kazi ile ile, fomu ndefu zaidi. Kila shule huandika mpango wake wa kujiboresha: madawati mangapi, mahudhurio yafike wapi, mwalimu yupi ajifunze nini. Mimi naenda kuona kama umetekelezwa. Nakaa benchi la nyuma, naangalia mwalimu akifundisha, halafu namwambia afanye nini ili awe mwalimu bora. Miaka thelathini na moja nimewaambia watu hivyo.

Ijumaa daktari alimwambia binti yangu koridoni, “Mjiandae.” Alidhani sisikii. Kilichochoka ni moyo, masikio bado mazima! Mazima mno, nitaandika siku nyingine.

Jumanne, 4 Juni

Afisa amekuja. Ndiye anayekalia kiti changu siku hizi – binti wa miaka thelathini na kitu, miwani mikubwa, begi la kompyuta mgongoni kama mwanafunzi. “Shikamoo, babu.” Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikajua ana shida.

Ana shida kweli. Kijitabu cha kijani kinachapishwa upya. Wakubwa wanataka toleo hili liwe na sauti za watu: wale watoto waliokuwa darasani siku ile, sasa watu wazima, waeleze mwalimu wao aliwafanyia nini. Ametafuta miezi minne. Hajampata hata mmoja.

“Watu arobaini na watatu, babu! Hata mmoja? Hata marehemu?”

Binti yangu akiwa anamimina chai akasema labda wote wameolewa Ulaya. Wakacheka. Mimi nikakohoa ili nisilazimike kucheka.

Akanisimulia semina zao. Mwalimu wa kwenye kijitabu wamempa jina, wanamwita Mwalimu Tano. Kwa sababu ya ile njia yake: anauliza swali, halafu ananyamaza, anahesabu tano kimoyomoyo akiwatazama watoto, ndipo achague wa kujibu. Naijua. Niliiandika. Lakini hili sikulijua – siku ya kwanza ya semina kila mwalimu husimama mbele ya viti vitupu. Anaviuliza viti swali. Anahesabu tano. Wenzake wako nje mlangoni, hawaruhusiwi kuingia.

Nikamuuliza nani aliwafundisha hivyo. Kwenye kijitabu hakuna.

“Hata sijui, babu. Tulikuta hivyo. Waliotufundisha nao walikuta hivyo.”

Chai yangu ilipoa.

Alhamisi, 6 Juni

Leo pumzi ni nzuri kidogo. Niandike jinsi ilivyokuwa.

Shule ile ilikuwa mwisho wa barabara, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mashamba ya kampuni. Saa tano za gari kukiwa kukavu. Mwalimu mmoja tu, kijana wa miaka ishirini na tisa, ndiye mkuu wa shule, ndiye kila kitu. Mwaka wa kwanza tulifika njia panda, mto umejaa. Dereva akasema, “Bosi, hapa ni kuogelea.” Tukalala nyumba ya wageni. Nikachukua fomu ya mwaka uliopita, nikanakili. Watoto thelathini na sita nikawafanya thelathini na tisa. Ofisini tulikuwa na utani wetu, kwamba namba haipandi yenyewe, sharti isukumwe. Madawati: Imetekelezwa. Choo: Inaendelea. Mwalimu anajifunza kuuliza maswali ya wazi: Inaendelea vizuri.

Mwaka wa pili mto haukujaa. Hatukuuliza hata. Tulikunja kona kwenye nyumba ya wageni kama gari linajua njia. Thelathini na tisa wakawa arobaini na watatu.

Mwaka wa tatu bosi akataka somo moja lililoangaliwa kwa makini, mwanzo hadi mwisho, la kufundishia wengine. Katika shule zangu zote hiyo ndiyo iliyokuwa inapanda kila mwaka. Akaichagua.

Na mimi nikatunga. Ile hesabu ya tano sijui niliipata wapi. Ilikuja tu.

Shule ya mtaa iko nyuma ya ukuta wetu, dirisha langu linatazama darasa la tano. Kutwa namsikia mwalimu wao. Swali. Kimya. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha vitoto vyote, “Mimi, mwalimu! Mimi!” Walimu wote wilaya hii wananyamaza kwa namna niliyowafundisha mimi. Zamani nilikuwa najivunia.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi, saa nne. Nimekaa dirishani na mto mgongoni. Mwalimu wa ng'ambo ya ukuta akauliza swali. Sikushika maneno, sauti tu, ile ya kupanda mwishoni. Kimya. Nikahesabu kwa mazoea. Tano. Sita. Kumi. Hakuna aliyejibu. Akauliza tena.

Nikamwambia binti yangu hawa watoto wa leo wamezubaa.

Akaniangalia. “Watoto gani, Baba?”

Hawa hapa, darasa la tano.

“Baba, shule ilifungwa jana. Likizo. Na leo ni Jumamosi.”

Akanigusa paji la uso. Hakuna homa. Akasoma karatasi ya vidonge, upande wa madhara, mara mbili.

Jumapili, 9 Juni

Imeendelea. Saa nne hiyo hiyo.

Binti yangu hapendi mambo ya kubabaishwa – alizaliwa hivyo, mama yake alikuwa hivyo. Akajifunga kanga, akaenda hadi getini kwa mlinzi wa shule kuuliza nani anafundisha siku ya mapumziko na kumsumbua mgonjwa. Nilimwona kupitia dirisha akipunga mikono.

Alirudi taratibu kuliko alivyokwenda. Nikamuuliza mlinzi amesemaje. Akasema hakuna kitu, madarasa yote yana kufuli. Akaanza kukunja shuka ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Nikamwambia: wewe ni binti yangu, mimi nimekagua watu waongo miaka thelathini na moja. Mlinzi amesemaje?

“Nilimwambia baba yangu anasikia mwalimu. Nikajua atacheka.” Akaikunja tena ile shuka. “Hakucheka. Ameniuliza, ‘Kumbe na yeye anasikia?’”

Amefunga dirisha. Joto kali chumbani.

Jumatano, 12 Juni

Nilimpigia afisa aje. Nimemwambia.

Nilimwambia kama nilivyoandika Jumatatu ile: njia panda, nyumba ya wageni, beseni, nikatunga. Alikuwa na kalamu mkononi. Hakuandika neno.

“Kwa hiyo umetunga, babu.”

Nimetunga.

“Watoto?”

Hawakuwepo. Namba tu.

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, muda mrefu. Nilidhani analia. Alikuwa na hasira. “Mimi nilikuwa mwalimu mbovu, unajua? Wa kupiga kelele. Nikafundishwa kunyamaza na kile kijitabu. Ikanifaa! Kuna mtoto alikuwa hasemi mwaka mzima, siku moja nikahesabu tano, akasema. Sasa unaniambia nini? Kwamba huyo mtu hakuwahi kufanya hivyo?”

Nikasema mwalimu mwenyewe alikuwepo kweli. Jina lake kwenye ripoti ni la kweli.

Akauliza yuko wapi.

Nikasema alitoroka kituo cha kazi. Imo kwenye faili.

Alipofika mlangoni akageuka. Si kwa ukali tena. Kama mtu anayeangalia fomu na kuona kisanduku kimoja hakikujazwa. “Babu, kwenye ile ripoti umechora ramani ya darasa. Dirisha la kushoto lina nondo mbili, ya tatu imekatwa. Ubao umepasuka kona ya chini. Nyumba ya wageni uliyaonaje hayo?”

Nikasema nilikuwa na kichwa kizuri cha kutunga.

Jumamosi, 15 Juni

Alikwenda. Mtoto huyu! Alikodi gari, akaenda mpaka mwisho wa barabara, na leo asubuhi ameniletea picha kwenye simu.

Kambi haipo. Majani marefu na misingi ya nyumba. Wachungaji waliomwongoza wanasema kampuni ilifunga mashamba, watu wakahama kwa siku nne, na kwamba hilo lilitokea mwaka mzima na zaidi kabla ya tarehe ya somo langu. Afisa alinisomea tarehe zote mbili bila kuniangalia.

Darasa lipo. Paa halipo. Mti umeota pale alipokaa mtoto wa mbele. Akasogeza picha kwa kidole: dirisha la kushoto. Nondo mbili. Akasogeza: ubao, kona ya chini. Akasogeza: benchi moja nyuma, ukutani. Madawati yote yameliwa na mchwa, lile benchi limebaki. Nikamwomba azime simu.

Mbuzi hawaingii humo, wachungaji wanasema, hata mvua ikinyesha. Yeye akaingia. Akasimama mbele kama walivyofundishwa kwenye semina. “Nilitaka tu kuona inavyokuwa. Nikauliza swali. Nikaanza kuhesabu.” Akacheka kicheko kifupi. “Nilitoka kabla sijafika tano, babu. Nikaacha kiatu.”

Kisha akaniambia la mwisho. Nyuma ya darasa kuna rundo la mawe limepangwa vizuri. Wachungaji wanaliita kaburi la mwalimu. Alikufa kwa homa masika yaliyofuata tarehe ya somo langu, baba zao ndio waliomzika. Wanakumbuka kwamba mpaka wiki ile alikuwa akipiga kengele kila asubuhi.

Hakutoroka. Faili linasema alitoroka. Mshahara ukasimamishwa, jina likafutwa, mtoro kazini. Afisa ameliona faili. Saini ni yangu.

Ana dada. Afisa amempata. Miaka yote hii aliambiwa kaka yake alitupa kazi akapotelea mjini na mwanamke. Anakuja Jumanne.

Nimemwambia afisa kwamba sina la kumwambia dada huyo, kwa kuwa sikufika.

“Haya, babu,” alisema. Ile ‘haya’ ya mtu aliyechoka kudanganywa.

Jumatatu, 17 Juni

Uji sikuweza. Miguu imevimba, inang'aa.

Dirisha limefungwa tangu wiki iliyopita, pazia pia. Saa nne nimemsikia vilevile. Leo maneno nimeyashika. Ni maneno ya kuita mahudhurio, yale ya kila mwalimu, kila asubuhi:

“Nani hayupo?”

Kimya.

“Nani hayupo leo?”

Binti yangu alikuwa chumbani, ameshika glasi ya maji. Nikamwona amesimama pale pale, uso umeelekea pazia. Nikamuuliza kama amesikia. Akasema, “Kunywa dawa, Baba.” Lakini akakaa na mimi kitandani mpaka saa tano, amenishika kidole kimoja tu, kama alipokuwa mdogo tukivuka barabara.

Jumanne, 18 Juni

Wako sebuleni. Nimesema nakuja, nafuata vidonge. Niandike haraka.

Dada mtu ni mwembamba, wa rika langu, viatu vimepigwa rangi. Kochi amelikataa, amekaa kiti cha mbao. Nilidhani atanitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, ningeyapokea.

“Kaka, sikuja kugombana,” alisema. “Nina miaka sabini na sita, nigombane ili iweje? Nataka neno moja. Barua yake ya mwisho alisema mkaguzi anakuja, ataondoka naye. Alifurahi. Sasa nakuuliza wewe uliyekuwa mkaguzi. Ulimwona?”

Afisa alinitazama. Binti yangu alinitazama. Nikasema, samahani, vidonge.

Hata humu nimedanganya. Karatasi ya peke yangu, kifo kiko mlangoni, nami nimeidanganya!

Nilifika.

Mwaka ule wa tatu nilifika, kwa kuwa bosi alitaka ramani ya darasa. Saa nne asubuhi. Kambi tupu, milango inapigwa na upepo. Yeye akatoka darasani anakimbia, amevaa tai. Tai! Alikuwa amekonda. Alicheka alipoliona gari, alicheka na kufuta macho. Alidhani nimeletwa na barua zake. Tangu kambi ihame, alikuwa akiandika juu ya kila mpango wa shule, kwa herufi kubwa: SHULE HAINA WANAFUNZI, NAOMBA UHAMISHO. Hizo barua zilikuwa kwenye droo yangu. Nilikuwa nikiandika mpango mwingine mahali pake. Arobaini na watatu.

Nikamwambia fomu inataka somo.

“Bwana mkaguzi, nimfundishe nani?”

Nikamwambia: fundisha. Halafu tutaongea mambo ya uhamisho.

Nikakaa benchi la nyuma. Akasimama mbele ya madawati, akaniangalia, akaona sitanii. Akafundisha. Sehemu za mmea. Aliuliza swali, akasubiri, akiangalia dawati moja moja kana kwamba anamwonea huruma kila mmoja. Sauti ilikuwa inamkatika, ndiyo maana alikuwa ananyamaza. Mimi nikatazama saa yangu nikaandika: sekunde tano. Dakika arobaini. Hakuwa kichaa, kichaa labda kilikuja baadaye. Siku ile alijua vizuri kabisa kwamba hakuna mtu, na alijua kwamba mimi najua, na alifundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumwona.

Binti yangu anagonga. “Baba? Yule mama anasubiri.”

Nakuja.

Alipomaliza alifuta ubao. Akaingia nyumbani kwake akatoka na begi, lilikuwa limefungwa siku nyingi, limeshika vumbi. Akanifuata mpaka kwenye gari akizungumza, hata nauli hataki, hata cheo kishushwe, apangiwe popote. Nami nawaza: nikishuka naye mjini, wataniuliza watoto wako wapi.

Dereva alishawasha. Nyuma kulikuwa na nafasi ya watu sita. Mwalimu aliweka mkono kwenye kitasa, akangoja nimfungulie, anatabasamu.

Nilibonyeza loki ya mlango kwa ndani.